Asysta ya treni za PKP Intercity kwa mzazi mzee: inafaa, ila chunga maunganio

Anayempeleka mama au baba mzee kuiona tena Polandi alikozaliwa huhangaika na hoteli na zawadi za ndugu, kisha kinachomshinda mzee ni ngazi tatu za behewa. Asysta, yaani huduma ya kumsaidia abiria kupanda na kushuka, ya PKP Intercity, kampuni ya treni za masafa marefu nchini humo, ipo kwa ajili ya ngazi hizo. Hailipiwi, wala si lazima mzee awe kwenye kiti cha magurudumu. Mwenye magoti mabovu, anayetembea polepole au asiyeona vizuri ana haki ileile, na inasikitisha kuona wengi hawaiombi kwa kudhani si yao.

Ombi hupelekwa kwa fomu ya intaneti au kwa simu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782 inataka taarifa saa 24 kabla ya safari. Wewe peleka siku tatu kabla, maana jibu likija na kosa utahitaji muda wa kulirekebisha. Kata tiketi kwanza ili uandike namba ya treni, behewa na siti.

Fomu huharibika kwenye maelezo. Mtu anaandika "mzee, anahitaji msaada", basi. Mhudumu atajuaje alete nini? Andika kwa vipimo: anatembea mita ngapi bila kupumzika, anapanda ngazi ngapi akishikwa mkono, mizigo ni mingapi na ina kilo ngapi, anatumia bakora (laska) au fremu ya kutembelea (balkonik). Balkonik pia ni roshani ndogo, na mzazi aliyeondoka kijana huenda hajawahi kulisikia neno hilo kwa maana hii. Mwambie mapema asije akachanganyikiwa stesheni. Kama hawezi ngazi kabisa, taja wazi podnośnik, yaani lifti ya kumwinua mtu na kiti chake hadi mlangoni mwa behewa. Wala usimpambe mzee kwenye fomu. Wazazi wengi watasema "naweza" kwa kuona haya, na gharama ya haya hiyo hulipwa mlangoni mwa treni.

Treni hazifanani. Mabehewa ya zamani yanayovutwa na injini yana ngazi kali na mlango mwembamba. Treni za FLIRT na Dart zina sakafu ya chini mlangoni, na kwa mzee hiyo ni nafuu kubwa kuliko kufika dakika 20 mapema. Pendolino ni ya kasi, Warszawa hadi Kraków ni kama saa mbili na nusu, lakini kati ya kasi na mlango, chagua mlango. Unapokata tiketi, chagua behewa la wazi (bezprzedziałowy) badala ya lenye vyumba vya watu sita au wanane, na siti ya korytarz, pembeni mwa njia, ili asiruke magoti ya watu kila akienda chooni. Aliyetimiza miaka 60 ana punguzo la asilimia 30 kwenye bei ya kawaida. Abebe kitambulisho chenye tarehe ya kuzaliwa.

Siku ya safari fikeni sehemu ya kukutania kwa saa mliyopewa. Msipopewa saa, kanuni inataka angalau dakika 30 kabla ya treni kuondoka. Bango la njano ni la treni zinazoondoka (odjazdy), jeupe ni la zinazofika (przyjazdy). Halafu kuna mtego unaowapata hata waliozaliwa huko. Peron ni jukwaa, tor ni njia ya reli iliyo kando yake, na namba zake hazilingani. Tangazo likisema "na tor drugi przy peronie czwartym", treni inaingia njia ya pili, jukwaa la nne. Anayeshika "mbili" peke yake atapelekwa na lifti jukwaa ambalo treni haiji.

Udhaifu wa huduma hii uko kwenye maunganio. Msaada wa uwanja wa ndege una kanuni yake, namba 1107/2006, huombwa kupitia shirika la ndege saa 48 kabla, na huishia uwanjani. Mtu wa reli anaanzia stesheni. Katikati hapo mko peke yenu. Uwanja wa Chopin, wa ndege wa Warszawa, una stesheni yake ya treni za mjini, lakini kwa mzee aliyetoka safari ndefu, teksi hadi Warszawa Centralna, stesheni kuu ya jiji, ndiyo uamuzi mzuri. Ungano la pili ni kubadilisha kampuni, mfano kushuka Tarnów au Rzeszów na kuingia treni ya POLREGIO, kampuni ya treni za mikoani, kuelekea kijijini. Taja treni zote mbili kwenye ombi, hakikisha jibu linazitaja zote, na acheni dakika 40 katikati. Vituo vidogo vingi havina mfanyakazi hata mmoja, kwa hiyo kipande hicho cha mwisho ni bora kukodi gari kutoka stesheni kubwa.

Wengi hutaka kufika kwa ajili ya tarehe 1 Novemba, Sikukuu ya Watakatifu Wote, makaburi yanapowaka znicze, mishumaa ya makaburini. Ni siku inayostahili safari, ila treni hujaa. Fikeni siku tatu nne kabla.

Treni ikichelewa, mwambie kierownik pociągu, mkuu wa treni, mapema ili stesheni ya mbele ijue. Ucheleweshaji wa dakika 60 hadi 119 hulipwa robo ya nauli. Kuanzia dakika 120, nusu.

Dakika kumi kabla ya kushuka, mzee awe amevaa koti na amesogea karibu na mlango. Usipomwona mhudumu nje, mwite mkuu wa treni kabla hujaanza kushusha mizigo. Kwenye ngazi kali tangulia wewe, simama chini, na mzee ashuke kinyumenyume akitazama ndani ya behewa, mikono yote miwili kwenye vyuma vya mlango, bakora ikiwa mkononi mwako.