Uandike kwa taima au kwa idadi ya maneno?

Kwa taima ni hivi, unaseti simu dakika 15 au 25, unaandika bila kurudi nyuma kufuta mpaka ilie. Ule mtindo wa dakika 25 kazi na 5 kupumzika ulianzishwa na Francesco Cirillo, Muitaliano, mwishoni mwa miaka ya 1980 akitumia taima ya jikoni tu. Kwa idadi ni kwamba hunyanyuki mpaka ufikishe maneno uliyopanga, kama ilivyokuwa kwenye NaNoWriMo, ile changamoto ya kuandika riwaya iliyofungwa 2025, maneno 50,000 ndani ya Novemba, yaani kama 1,667 kila siku.

Mi nasimama na taima, hasa kwa mtu aliyekwama. Kuanza ndo kugumu, na dakika 15 hazimtishi mtu, hata ukitoa sentensi nne mbovu umeshatimiza ulichojiahidi na kesho unarudi na moyo. Idadi siku mbaya inaumiza sana, unakuta mtu saa tano usiku ana maneno 600, anaanza kurefusha maongezi ya wahusika yasiyoenda popote ili tu namba ipande, halafu kesho yake anayafuta yote.

Ila ukiwa na dedilaini idadi inakuonyesha umebakiza kiasi gani, taima haikwambii hilo.

Na ikilia ukiwa katikati ya sentensi, iache hapohapo usiimalizie, ukirudi unajua kabisa pa kuanzia. Kuhariri tu ndo usikufanye kwa taima, kule kunataka utulivu.