Gari jipya Dodoma: nunua taulo kwanza, polishi mwisho

Ukitaka kujua gari limeoshwa vipi, usilitazame asubuhi kivulini. Litazame saa saba mchana jua likiwa utosini, au usiku chini ya taa za kituo cha mafuta. Hapo ndipo mikwaruzo midogo ya duara inajitokeza kwenye boneti kama utando wa buibui, na kwenye gari jeusi haifichiki. Mwenyewe atakwambia rangi imechoka, anatafuta polishi nzuri. Rangi haijachoka. Imesuguliwa na vumbi, na mara nyingi aliyeisugua ni yule yule anayelifuta kila asubuhi kabla ya kwenda kazini Mtumba, kwenye mji wa Serikali.

Vumbi la huku lina meno. Mji umezungukwa na vilima vya granaiti, na jiwe hilo likisagika huacha chembe za kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs, kwatzi ina 7; kioo cha dirisha hakizidi sana 5. Sasa fikiria klia, ule utando angavu uliopakwa juu ya rangi na ndio unaong'aa. Unene wake kwa kawaida ni kama maikromita 40 hadi 50, pungufu ya unywele mmoja. Ukipitisha kitambaa kikavu juu ya vumbi hilo, umepiga msasa.

Kwa hiyo mpangilio wangu unaanza na vitu vinavyoondoa vumbi bila kusugua, kisha vinavyoilinda klia, na mwishoni vinavyoila. Madukani wanakupangia kinyume, maana chupa za polishi ndizo zenye picha nzuri.

1. Taulo za maikrofaiba na glavu ya kuoshea

Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, nunua hizi. Taulo la pamba la mtumba au fulana kuukuu hubeba mchanga na kuuburuta. Nyuzi za maikrofaiba, ambazo ni mchanganyiko wa polyesta na poliamidi, huumeza ndani. Lebo nyingi huandika 80/20 au 70/30. Namba ndogo ni poliamidi, na ikiongezeka taulo hunywa maji vizuri zaidi na bei hupanda kidogo.

Angalia pia uzito, unaoandikwa kwa gramu kwa mita ya mraba. La kufutia nta, 300 hadi 400 linatosha. La kukaushia, tafuta 500 na kuendelea. Lisipoandikwa chochote, lijaribu pale pale dukani: pitisha kiganja kikavu juu yake. La kweli hung'ang'ania ngozi. Linaloteleza kama kitambaa cha kawaida liache, hata muuzaji akikuapia. Kisha kagua pindo. Uzi mgumu wa nailoni pembeni unakwaruza, na lebo iliyoshonwa ikatwe kabla ya kulitumia.

Nunua angalau manne na uyagawie kazi: mawili ya bodi, moja la vioo, moja la rimu na milango kwa ndani. La rimu lisirudi kwenye boneti hata likifuliwa mara kumi, kwa sababu vumbi la breki lina chembe za chuma. Yafulie peke yake, mbali na nguo za pamba, bila dawa ya kulainisha nguo, kwani dawa hiyo huziba nyuzi. Likidondoka chini, hata kama ni kwenye sakafu safi ya barazani, halirudi kazini kabla ya kufuliwa.

Glavu chagua yenye nyuzi ndefu zinazoning'inia. Sponji la njano lililozoeleka halina pa kuficha mchanga. Mchanga unabaki usoni mwake na kuzunguka na wewe gari zima.

Fagio la manyoya lenye mpini, lile la madereva wengi, silipi nafasi yoyote. Hilo ndilo linalochora ule utando wa buibui.

2. Shampuu ya gari na ndoo mbili

Sabuni ya unga inatoa uchafu, hilo silikatai. Inatoa na nta pia, na punje zisizoyeyuka hukwaruza. Sabuni ya vyombo ni laini zaidi mkononi, lakini imetengenezwa kukata mafuta, na nta iko kundi hilo hilo. Shampuu ya gari inateleza. Hiyo ndiyo kazi unayoilipia. Chupa ya lita moja inakaa sana, maana nyingi huchanganywa kati ya mililita 20 na 50 tu kwenye ndoo ya lita 10. Soma lebo. Wanaomimina kwa macho hulalamika kwamba shampuu ni ghali.

Ndoo moja ni ya shampuu, ya pili ya kusuuzia glavu kila unapomaliza upande mmoja. Mwagia gari maji matupu kwanza, bila kuligusa, kisha shuka kutoka paa kwenda chini. Chini ya milango na bampa ndiko kwenye mchanga mwingi, ndiyo maana huko humaliziwa.

Kuhusu maji, wenyeji mnajua. Ya visima vya huku yana chumvichumvi. Angalia birika lako kwa ndani. Yakikaukia juu ya rangi ya moto huacha madoa meupe yasiyotoka kwa kufuta. Osha kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, gari likiwa limepoa, na ukaushe papo hapo. Doa likishakaa, changanya siki nyeupe na maji nusu kwa nusu, lilowanishe dakika moja, kisha suuza vizuri. Kama unavuna maji ya mvua, weka dumu moja la kusuuzia mwisho. Hakuna shampuu inayoshinda hilo.

Mashine ya presha si lazima ununue, hasa kama mtaani kwenu maji yanakuja kwa mgao. Nenda pale wanapooshea magari, ila uende na vifaa vyako. Mwambie kijana kwa adabu tu: "Mdogo wangu, anza na maji matupu, na taulo langu ni hili hapa." Wengi hawana neno. Akinuna, vituo ni vingi. Pua ya mashine isikaribie bodi chini ya sentimita 30, zaidi sana pale rangi ilipochubuka, kwa kuwa presha huingia chini ya klia na kuibandua.

3. Nta au silanti

Hapa ndipo mng'aro wenyewe unaponunuliwa. Karnauba ni nta ya majani ya aina ya mtende wa Brazili. Inatoa mng'aro mzito, wa kina, mzuri mno kwenye gari jeusi au jekundu. Lakini kwa jua letu, na tukiwa zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari, itakaa wiki chache, ikizidi miezi miwili. Silanti ni nta ya maabara. Mng'aro wake ni wa kioo zaidi, una ubaridi fulani, ila hufika miezi minne hadi sita. Kwa mtu mwenye kazi na watoto nampa silanti ya kupuliza bila kusita: puliza, tandaza, futa. Nusu saa imetosha.

Paka kwenye gari lililooshwa likakauka. Ukipaka juu ya vumbi umelifungia humo. Mvua zetu huanza karibu Desemba na kuisha Aprili, kisha unakuja ukavu na upepo wa kuanzia Julai. Silanti ya Mei na nyingine ya Novemba zinatosha mwaka.

Jihadhari na chupa zinazonuka mafuta ya taa au zinazoacha utelezi wa silikoni. Saa moja gari linawaka, kesho yake vumbi lote la barabara ya Iringa limeganda juu yake. Dawa za dashibodi zenye mafuta nazo ni hivyo hivyo.

4. Seramiki

Kichupa cha mililita 30 au 50 chenye silika, kinachogandia klia na kudumu mwaka hadi miwili, au zaidi ukikitunza. Kwa gari la kilomita sifuri hili ni jambo la maana, kwa sababu klia haina doa bado. Ila haizuii jiwe la lori wala madoa ya chumvi, na mikwaruzo iliyopo huifungia chini yake.

Bei kubwa ni ya kazi, kichupa ni sehemu ndogo. Muulize fundi anapakia wapi. Akikuonyesha banda lililo wazi kando ya barabara mwezi wa nane, mshukuru uondoke. Panatakiwa chumba kilichofungwa, na gari lisiguse maji kwa saa 24 angalau. Kama bodi imepigwa rangi upya, ngoja siku 30.

5. Polishi na kompaundi

Nta huongeza utando. Polishi na kompaundi hupunguza. Zina chembe za kukata, na kila ukipiga unakula klia. Gari jipya halizihitaji. Na "jipya" kwetu mara nyingi ni lililotoka Japani likiwa na miaka kumi. Namba E kwenye kibao cha usajili haimaanishi klia ni ya jana. Huenda lilishapigwa mashine kabla ya kuuzwa. Muombe fundi rangi mwenye kipimo cha unene apime kabla ya kugusa. Baadhi ya magari meupe ya kazi hayana klia kabisa: ukisugua kidogo na kitambaa kikatoka na weupe, ni rangi yenyewe hiyo inayotoka.

6. Turubai la kufunika gari

Naliweka mkiani, na najua wengi watanibishia. Upepo wa Agosti unalitikisa usiku kucha juu ya vumbi lililoingia chini yake. Fedha hiyo iongezee kwenye nguzo na mabati ya kibanda. Kama kibanda bado, egesha mbali na mwarobaini wanapolala ndege. Kinyesi kikishakaukia kwenye boneti usikikwangue: weka taulo lililolowa juu yake dakika tano, kisha kiinue taratibu.