Kabla ya kununua baiskeli ya umeme, uliza kihisi chake

Malalamiko ninayoletewa na Waswahili wenzangu walionunua baiskeli za umeme hapa Ujerumani yanafanana mno: baiskeli inachelewa kusaidia mtu anapoanza kupanda mlima, kisha inamsukuma pale anapotaka kupunguza mwendo. Wauzaji huwaambia kuwa watazoea. Hawatazoea, kwa sababu kasoro imo kwenye kihisi, yaani kifaa kinachoiambia mota lini isaidie, ambacho dukani hakitajwi kabisa.

Kihisi cha bei rahisi ni pete ya sumaku ndogo ndogo iliyofungwa karibu na ekseli ya pedali, na kazi yake ni kutambua kama pedali zinazunguka, basi. Ukanyage kwa nguvu zako zote au uzungushe miguu bila kukaza, kwake ni mamoja. Lazima sumaku kadhaa zipite ndipo mota iamke, na ukiacha kukanyaga, mota huendelea kidogo kabla ya kukata. Unapokata kona iliyolowa mvua, mtoto akiwa kiti cha nyuma, kidogo hicho kinatosha kukuangusha. Kihisi cha msokoto hupima jinsi mguu unavyoikandamiza pedali, na mota ikaongeza nguvu kwa kadiri hiyo.

Kwa hiyo, baiskeli ya kwanza kwangu ni yenye mota ya Bosch katikati, penye pedali, na sifichi kwamba naipendelea. Vihisi vyake hupima msukumo wa mguu, mzunguko wa pedali na kasi ya baiskeli zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde, na tofauti hiyo mguu unaihisi tangu taa za barabarani zinapowaka kijani. Kwa mjini, mota yao ya Active Line Plus yenye msokoto wa 50 Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kuzungusha) inatosha kabisa; usishawishiwe kulipia msokoto mkubwa zaidi wa mota yao ya Performance Line CX ikiwa njia yako haina milima. Ya pili ni Yamaha, iliyotoa baiskeli ya kwanza ya umeme inayomsaidia mkanyagaji huko Japani mwaka 1993, na Shimano inaifuata kwa karibu. Baada yake ni mota ya gurudumu la nyuma yenye kihisi cha msokoto, ambayo haichoshi mnyororo lakini mlimani haifaidiki na gia. Zenye sumaku pekee ni za njia tambarare isiyo na msongamano.

Kinachoniudhi ni matangazo yanayoandika 250 W (wati, nguvu ya mota) kwa herufi kubwa kana kwamba ni sifa, ilhali hicho ndicho kikomo cha sheria ya Umoja wa Ulaya, sawa na mwisho wa msaada katika kilomita 25 kwa saa. Mnunuzi akiuliza habari za kihisi, anaonyeshwa ukubwa wa betri. Basi omba kuijaribu nje: weka msaada wa juu kabisa na gia nyepesi, kisha zungusha pedali bila kukaza mguu. Ikikusukuma kwa nguvu zote, irudishe hapo hapo, na muuzaji asiyekubali uijaribu asipate fedha yako.