Miche ya Ngong Road: nilinunua sita, ningenunua mmoja

Hii ni rivyu ya nasari moja ya kando ya Ngong Road, jina naliacha tu. Nilikuwa natafuta kitu cha kupanda nyuma ya tanki hapa kwetu Dagoretti, pale maji ya mgao yakija usiku yanafurika hadi asubuhi na udongo haukauki, waridi mbili zimeozea hapo na lavenda nayo ikafuata. Kijana wa nasari alinisikiliza kwanza, halafu akanionyesha Impatiens sodenii, maua ya huku huku Kenya na Tanzania, porini yanamea kando ya mito na kwenye miamba yenye majimaji, na ukiyapanda yanakaa miaka, si ya msimu mmoja. Kwa ushauri huo nampa alama zote.

Bei sasa. 250 kwa mche, nikachukua sita, tukavutana wee mpaka akakubali 1,200. Lakini kufunga, bure kabisa! Alizirundika kwa gunia na shina la hii kitu limejaa maji, linakatika kama la sukuma, boda imeruka matuta mawili tu nikasikia kwa!, mmoja umevunjika katikati. Nikampigia, akaniambia pole mathe, rudisha nikubadilishie. Nani anarudi Ngong Road na jam ya jioni?

Mzee anayetusaidia shamba akaokota kile kipande, akatoa majani ya chini, akakichomeka kwa tope. Wiki tatu hivi kimeshika na kimetoa majani mapya, yale yanayozunguka shina kama njiti za mwavuli. Akaniuliza, "Mama, kwani hizi zingine ulinunua za nini?" Sikuwa na jibu.

Tena kijana alisema yanapenda jua. Si jua la saa saba bana, yangu mawili yalikuwa yanalala chini kama nguo mbichi, jioni yanaamka, nikayahamishia kivuli cha ukuta yakatulia. Sasa ni miezi minane, moja limenifika begani, maua meupe yenye kapinki kwa mbali, na nyuma kamkia kembamba kamejikunja. Vitumba vya mbegu vikikomaa ukivigusa vinapasuka mbegu zinaruka, watoto wa ploti wamevimaliza vyote.

Nasari nawapa 3 kwa 5. Ukienda beba katoni yako, na kama uko Dagoretti usiende, njoo na kisu nikukatie.