Uzoefu wangu: OpenStax Precalculus kwa kijana anayesomea nyumbani Uganda

Kitabu ninachokizungumzia ni Precalculus cha OpenStax, mchapishaji wa vitabu vya bure wa Marekani, ambacho nakitumia kufundishia nyumbani Kampala pamoja na mazoezi ya Khan Academy, tovuti ya bure ya masomo. Maoni yangu niyatoe mapema: kwa vitabu vya bure, sijaona kinachokipita kwa maelezo na wingi wa maswali. Lakini kijana atakayefanya mtihani wa UNEB, baraza la mitihani la Uganda, au wa Cambridge ya Uingereza hawezi kukitegemea peke yake.

Sababu ni hii. Prikalkulasi ni somo la shule za Marekani, linaloishia pale kalkulasi inapoanzia. Silabasi zetu hazina mpaka huo. Cambridge 9709, yaani silabasi yao ya hisabati ya A level, inaweka difrensiesheni na intigresheni, ambazo ndizo kalkulasi yenyewe, ndani ya P1, karatasi ya kwanza kabisa, sambamba na fanksheni, trigonometria na mifululizo. Principal Mathematics, hisabati ya UACE (mtihani wa UNEB wa A level), nayo inachanganya yote. Sura ya 12 ya OpenStax inagusa limiti na difrensiesheni kidogo, kisha inakomea hapo, intigresheni haimo. Kwa hiyo chagua mtihani kwanza, kitabu baadaye. Mzazi anayeanza na kitabu hugundua pengo hilo muda wa kujisajili ukiwa umekaribia.

Kuhusu mtihani wenyewe, kwa aliye nyumbani Cambridge ni rahisi zaidi kupanga. Kijana hujisajili kama mtahiniwa binafsi kupitia kituo kinachokubali, na P1 ni dakika 110 kwa alama 75. Upande wa UNEB, tangu mtaala mpya wa sekondari ya chini, asilimia 20 ya alama za UCE (mtihani wa mwisho wa S.4, mwaka wa nne wa sekondari) hutokana na tathmini inayofanyika shuleni, kwa hiyo mtoto asiye na shule lazima apatiwe kituo mapema sana, si mwaka wa mtihani. Na ripoti ya masomo iliyoandikwa na mzazi, hata iwe nzuri namna gani, haishiki nafasi ya cheti cha mtihani mbele ya chuo kikuu chetu.

Kabla ya kufungua sura ya kwanza, mpe kijana karatasi tupu na maswali manne, bila kikokotoo. Aandike 2x² − 12x + 7 kwa kukamilisha mraba. Jibu ni 2(x − 3)² − 11. Arahisishe √48 + √75, apate 9√3. Aunganishe 1/(x − 2) na 3/(x + 2) kuwa sehemu moja. Na atatue x² < 9. Hili la mwisho ndilo linalofichua mengi: wengi huandika x < 3 wakaridhika, ilhali jibu ni −3 < x < 3. Akikosa mawili, usianze. Rudi kwenye aljebra kwa wiki kadhaa, maana karibu kila anayelia na trigonometria ukimchunguza utakuta kinachomwangusha ni sehemu na vigawo.

Kitabu kina sura 12. Nazigawa kwa mihula yetu mitatu: sura ya 1 hadi ya 4 muhula wa kwanza, ya 5 hadi ya 8 muhula wa pili, zilizobaki muhula wa tatu. Sura ya 2, ya fanksheni za mstari, inapitwa haraka na aliyemaliza S.4 vizuri. Muda huo upeleke sura ya 7, ya utambulisho na milinganyo ya trigonometria. Hiyo inastahili mara mbili ya muda wa sura nyingine yoyote. Maswali mengi ya maisha yanatumia futi, maili na nyuzi za Farenhaiti, na mstari unaandikwa y = mx + b badala ya y = mx + c yetu. Mwambie kijana mapema, hatababaika.

Faili ni PDF yenye kurasa zaidi ya elfu moja. Usiichape yote. Leseni inaruhusu kuchapa, basi peleka sura moja moja Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, pande zote mbili za karatasi, ibanwe kwa waya wa plastiki ili ilale wazi mezani. Majibu yaliyo mwisho wa kitabu ni ya maswali ya namba witiri tu. Hilo mimi naliona ni faida: witiri yawe mazoezi ya kila siku, shufwa yawe majaribio. Kuyasahihisha shufwa, rudisha jibu ndani ya mlinganyo, au chora grafu kwenye GeoGebra, programu ya hisabati ambayo ikishasakinishwa haihitaji bando.

Khan Academy ina kozi ya prikalkulasi yenye matriksi, pamoja na vekta na namba changamano ambazo kijana wa A level atazihitaji. Video zinakula bando. Suluhisho ni Kolibri, programu ya bure inayopakua video na mazoezi ya Khan mara moja, ukazitumia hata intaneti ikikatika. Udhaifu wa mazoezi ya Khan ni kwamba huangalia jibu la mwisho tu. Chukua 2 sin x cos x = sin x, x ikiwa kati ya 0 na 2π, mipaka yote ikiwemo. Kijana hugawanya pande zote kwa sin x, anabaki na cos x = ½, anaandika π/3 na 5π/3. Amepoteza 0, π na 2π, kwa sababu amegawanya kwa kitu kinachoweza kuwa sifuri. Kompyuta itamwambia amekosa, haitamwambia ni mstari upi. Mtihani wa Cambridge hutoa alama za njia, kwa hiyo kila wiki akae na karatasi ya mtihani uliopita, aandike hatua zote, nawe usahihishe kwa kalamu ukifuata mwongozo wa alama.

Kikokotoo kinachochora grafu, ambacho mazoezi kadhaa ya OpenStax yanakitaka, hakiruhusiwi kwenye 9709. Nunua cha kawaida cha sayansi, na umzoeze kijana kutazama kama kiko kwenye digrii au radiani kabla ya kila swali la trigonometria. Ukiona sin 30 imetoa −0.988, kiko kwenye radiani.

Kitabu cha Precalculus cha Art of Problem Solving, wachapishaji wengine wa Marekani, kimekwenda kina zaidi kwenye trigonometria na namba changamano, lakini logi (logarithimu) wameziweka kwenye kitabu chao kingine. Kinamfaa kijana anayependa kuhangaika na swali moja jioni nzima. Mwingine kitamvunja moyo, na OpenStax itamtosha.