Eafoni, hedifoni, spika au sabufa? Ukiwa Mbeya na unapenda indie na pop mpya, nunua hivi

Wadau wa muziki wa nyanda za juu, niende moja kwa moja kwenye hoja. Ukiingia duka lolote la vifaa vya simu pale Mwanjelwa au Kabwe ukaomba kitu cha kusikilizia muziki, swali la kwanza utakaloulizwa ni "unataka yenye bezi?" halafu unawekewa ngoma inayotingisha meza, na wengi wetu tunatoa hela hapo hapo. Sina ugomvi na bezi, amapiano nacheza kama mtu mwingine yeyote, ila kama muziki unaokukesheza ni huu wa akina Billie Eilish, Clairo na Rosalía basi bezi iwe kitu cha mwisho kuangalia, maana utamu wa albamu hizi uko kwenye sauti ya mtu, kwenye pumzi kati ya mstari na mstari, kwenye gitaa linaloguswa taratibu, na bezi ikizidi hivyo ndo vinafunikwa vya kwanza.

Nianze na muziki wenyewe, kwa sababu kifaa kinachaguliwa kwa nyimbo unazosikiliza. Chukua Hit Me Hard and Soft ya Billie Eilish, ilitoka tarehe 17 Mei 2024, nyimbo 10 tu, kama dakika 44 hivi, prodyuza ni kaka yake Finneas. Yule dada anaimba kwa kunong'ona karibu kabisa na maiki, yani ukiwa na kifaa kizuri unahisi amekaa begani kwako, ukiwa na kibovu unasikia mtu anaimba yuko chumba cha pili. Na kuna ule wimbo wa The Greatest unaoanza na gitaa na sauti tu, unapanda pole pole mpaka mwishoni vyombo vinalipuka vyote, pale ndo pa kupimia, kama mlipuko ule unageuka kelele moja isiyoeleweka rudisha mzigo kwa mwenyewe.

Charm ya Clairo, Julai 2024, hiyo mimi naipenda kupita maelezo. Walirekodi kwa wapigaji wa kweli na kwa tepu za zamani, kuna filimbi, kuna vinanda vya kizamani, na ukitulia unasikia kabisa kwamba watu wako ndani ya chumba kimoja. Brat ya Charli xcx ya Juni 2024 ni kinyume chake, kompyuta na sinthi (vinanda vya umeme) mwanzo mwisho, hii ndo albamu ambayo bezi inahitajika kweli, lakini bezi inayopiga na kuacha, sio inayobaki inavuma. Halafu Lux ya Rosalía, Novemba 2025. Jamani. London Symphony Orchestra nyuma yake, anaimba kwa lugha zaidi ya kumi, kwangu ndo rekodi kubwa kuliko zote za pop za miaka hii na sijaona ya kuikaribia, na ukiisikilizia kwenye spika ya simu haujaisikia.

Sasa mpangilio wangu, kuanzia ninachokipendekeza zaidi.

Namba 1: eafoni za waya zinazoziba sikio, zenye waya unaochomoka

Najua kila mtu anataka isiyo na waya. Nisikilize kwanza. Ukinunua eafoni isiyo na waya hela yako inagawanyika, kuna betri tatu humo ndani (kushoto, kulia na kwenye kikasha), kuna chipu ya Bluetooth, kuna maiki, kuna kikasha chenyewe, kinachobaki kwa ajili ya sauti ni kidogo. Ya waya karibu hela yote inaenda kwenye spika ndogo ile iliyoko sikioni. Ndo maana eafoni ya waya ya elfu hamsini inaweza kuishinda ya Bluetooth ya laki na nusu kwenye kusikiliza muziki, na sio kuishinda kwa kubahatisha, utasikia mwenyewe sauti ya mwimbaji ikisogea mbele.

Wachina ndo wameikamata hii sehemu, kampuni kama KZ na Moondrop wanatengeneza zile ambazo wanamuziki jukwaani huziita in-ear, na bei zake za chini huwa kati ya 40,000 na 80,000 hivi kutegemea na usafiri na muuzaji. Mbeya mjini sio kila duka linazo, wengi tunaagiza Kariakoo, mzigo unapakiwa kwenye basi na unaufuata stendi, ila kubaliana kabisa na muuzaji kuhusu kurudisha kabla hujatuma hela, usitume kwanza ndo uulize. Ukichagua angalia waya unachomoka kwenye eafoni zenyewe, KZ nyingi ziko hivyo, kwa sababu kinachokufa kwanza siku zote ni waya pale karibu na jeki, na waya mpya ni hela ndogo kuliko seti mpya. Tahadhari moja tu, baadhi ya hizi za bei ya chini zina trebo kali inayochoma, herufi "s" inakuwa kama nyoka, ukiwa mtu wa kusikiliza muda mrefu itakuchosha, kwa hiyo tafuta zinazosifiwa kwa sauti iliyotulia.

Kuhusu tundu la jeki, simu nyingi za bei ya kawaida tunazotumia huku bado wanaliweka, shukrani kwao. Kama yako haina nunua adapta ya taipu-C, lakini uliza kama ina DAC ndani, yani kile kichipu cha kugeuza muziki kutoka dijitali kuwa sauti. Kuna adapta ambazo ni waya mtupu, kwenye baadhi ya simu hazitoi sauti kabisa, na kwa macho zinafanana kabisa na zile zenye chipu. Ijaribu na simu yako pale pale dukani.

Na jambo la mwisho kwa hizi, umeme ukikatika haikuhusu. Simu yenyewe ikiwa na chaji, muziki upo.

Namba 2: hedifoni kubwa za waya, zilizofungwa nyuma

Hapa hali ya hewa yetu inatupendelea. Watu wa Dar hedifoni ya kufunika sikio lote inawatoa jasho nusu saa tu, sisi huku Juni na Julai unaivaa na inakupa joto kabisa, Njombe na Makete wala sisemi. Sauti yake ni pana kuliko eafoni, ile okestra ya kwenye Lux inapata nafasi ya kukaa, unasikia violini ziko wapi na ngoma ziko wapi. Kwa mtu anayesikiliza amekaa mezani au kitandani na sio mtu wa kutembea nayo, mimi ningeipa hata nafasi ya kwanza.

Sony MDR-ZX110 ni mfano wa bei ya chini, haifuniki sikio lote inakaa juu yake, ni nyepesi. Ukipanda unakutana na zile za studio kama Audio-Technica ATH-M20x, hizo bei imesimama lakini zinakaa miaka. Chagua iliyofungwa nyuma, iliyo wazi inavujisha sauti na mwenzako mnayelala naye chumba kimoja hosteli atakuchukia. Ubaya wa hizi ni ngozi bandia ya masikioni, inabanduka vipande vipande inakuachia weusi kwenye nywele, hivyo kabla ya kununua hakikisha vifuniko vyake vya akiba vinauzwa. Mitumba ya hedifoni ipo na mara nyingine unaokota kitu cha maana, ila zungusha waya huku unasikiliza, ukisikia upande mmoja unakatika katika achana nayo.

Namba 3: eafoni zisizo na waya

Ndo zinazonunuliwa kuliko zote na sizikatazi, ukiwa kwenye bajaji au unapanda mlima kwenda darasani waya ni kero kweli. Lakini ujue unanunua kitu chenye umri. Betri zake ni ndogo mno na hazibadilishiki kirahisi, baada ya miaka miwili mitatu ya matumizi ya kila siku utaona muda wa kusikiliza umepungua sana, na ukipoteza ya upande mmoja habari imeishia hapo.

Zile za 15,000 mpaka 25,000 zenye jina la AirPods kwenye boksi sio AirPods, hata kama simu inaleta ile picha ya kuunganisha, hiyo picha inaigwa. Bora ununue chapa inayouza kwa jina lake yenyewe, Oraimo kwa mfano zinapatikana mpaka miji midogo, ukapewa risiti na waranti. Kwenye sauti fungua programu yake ya simu, nyingi zinatoka kiwandani zimepandishwa bezi, ishushe kidogo, upandishe ya kati kidogo, halafu rudia The Greatest usikie tofauti.

Wauzaji watakutajia kodeki, yani namna muziki unavyobanwa ili upite kwenye Bluetooth. SBC ndo ya kawaida na kila kifaa kinayo, AAC ndo wanayotumia sana watu wa iPhone, LDAC ya Sony inafika mpaka kilobiti 990 kwa sekunde na imo kwenye Android tangu toleo la 8. Ila lazima simu na eafoni zote mbili ziwe nayo, ukiwa na iPhone usilipie hela ya ziada kwa ajili ya LDAC, haitafanya kazi.

Ile teknolojia ya kuzima kelele ni tamu sana kwenye basi la Mbeya kwenda Dar, zaidi ya kilomita 800 za mngurumo wa injini, na inakusaidia usipandishe sauti. Hili la sauti tulichukulie kwa uzito wadau, Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki ndo mwisho kwa mtu mzima, na kila ukiongeza sauti muda huo unapungua haraka. Kwenye Kosta yenye muziki wake wa dereva watu wanasukuma mpaka mwisho bila kujua. Eafoni inayoziba vizuri, ya waya au isiyo ya waya, ndo dawa, sio kuongeza sauti.

Namba 4: spika ndogo ya Bluetooth

Ni ya jikoni, ya kuogea, ya kukaa na washkaji. Kwa indie inakuibia kitu kimoja kikubwa, spika hizi ndogo nyingi ni mono, kushoto na kulia vinachanganywa vinatokea tundu moja, kwa hiyo ule upangaji wote wa vyombo ambao prodyuza kauhangaikia unakufa. Na usidanganywe na wati. JBL Go 3 halisi imeandikwa wati 4.2, sasa ukiona spika ya ukubwa ule ule imeandikwa wati 100 kwa bei ya robo, unajua unaongea na nani. Brat inaenda vizuri kwenye spika, Charm haiendi.

Namba 5: sabufa

Kwa sherehe, kwa mechi, kwa singeli, nzuri. Kwa muziki huu hapana. Ile spika kubwa ya chini inameza mpaka sauti ya mwimbaji, na vile vispika vya pembeni huwa dhaifu. Kama tayari unayo nyumbani shusha nobu ya bezi mpaka karibu na mwisho, uisogeze mbali na kona ya ukuta, itasikika tofauti kabisa.

Zile eafoni za 3,000 za kwenye meza barabarani sijazipa namba. Ni za kupokelea simu.

Sasa kabla hujaenda dukani, pakua nyimbo zako kwenye simu kwa ubora wa juu, maana ukitegemea intaneti ya pale sokoni programu itashusha ubora yenyewe na utaihukumu eafoni kwa kosa ambalo sio lake. Spotify ya kulipia ukiweka ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, hesabu yake ni kama MB 2.4 kwa dakika, albamu ya dakika 44 inakula MB 105 hivi, kwa hiyo ukipakua mara moja ukasikiliza mwezi mzima umeokoa bando kuliko kuifungulia YouTube kila siku na video yake. Kwenye mipangilio chagua ubora mwenyewe, usiache iamue programu, na uzime ile ya kusawazisha ukubwa wa sauti kati ya nyimbo ukiwa unapima.

Dukani omba kwa heshima, "kaka naomba nijaribu na simu yangu", wengi wanakubali, akikubali mwambie ndaga (asante kwa Kinyakyusa). Anza na sauti ya chini, sio ya juu, kifaa kizuri kinaeleweka hata kikiwa chini. Sikiliza sauti ya mwimbaji iko katikati au imeegemea upande, sikiliza pumzi, halafu weka sehemu yenye vyombo vingi uone kama bado unaweza kufuata kimoja kimoja.

Na vile vipira vya saizi tofauti vinavyokuja kwenye boksi usivitupe. Kipira kikiwa kidogo kuliko tundu la sikio lako bezi yote inatoroka na kinachobaki ni sauti kavu, ndo hapo mtu anasema eafoni mbovu wakati haijaziba. Jaribu zote, na usishangae kushoto ukavaa ya kati na kulia ukavaa kubwa, masikio ya wengi hayalingani.