Duka la muvi Mlandege lenye folda la Kifilipino: nenda, ila chukua hadidiski yako

Haya jamani, watu wamenichosha kuniuliza zile muvi za Kifilipino ninazozisemasema nazipata wapi, kwa sababu wao wakenda vibandani wanatiliwa tamthilia tu, tajiri kampenda mfanyakazi wa ndani, mama wa tajiri hataki, mwisho mtoto aliyepotea hospitali kumbe ndo yeye. Sina ugomvi na tamthilia mie, kwetu king'amuzi hakiguswi saa ya tamthilia ya bi mkubwa, lakini ninazosema ni nyengine kabisa, ni za wale wanaotengeneza bila ya studio kubwa nyuma yao, pesa ya kuungaunga, kamera ya dijitali, nyumba ya jirani ndo seti, wenyewe wanaziita indi. Nazipata kwa kijana mmoja hapo Mlandege, mjini Unguja. Jina la duka silitaji maana kuna mambo ntamsema, na mtu wa Mlandege ataelewa tu, ni kile kibanda kidogo ambacho mabango ya Kihindi yamebandikwa mpaka kwenye feni.

Muvi moja 500, ukichukua kumi anakufanyia 4,000, sizoni bei yake nyengine. Kwa huduma ya kawaida hana baya, mchangamfu, hakuharakishi, anakuwekea kipande uone picha ikoje kabla hujalipa, na kompyuta yake haina virusi kama za wengine ambazo ukirudi nyumbani flashi imejaa vifaili vya ajabu. Lakini sababu ya kumsifu ni hilo folda. Kaka yake ni baharia, na mtu yeyote aliyefanya kazi melini anajua Wafilipino walivyojaa humo, basi wenzake wa kule wakawa wanampa muvi za kwao, kaka akija likizo anamwagia mdogo wake hadidiski nzima. Kijana mwenyewe hazitazami, folda kaliita FILIPINO POLEPOLE, akanambia "dada hizi mie zinanilaza, lakini kuna wazungu wa Kiponda wanakuja kuzichukua".

Polepole kweli, sikatai. Ila hebu nikwambieni kuhusu Thy Womb, maana kama utachukua moja tu chukua hiyo na nyengine zote waachie wazungu wa Kiponda.

Ni ya Brillante Mendoza, ya 2012, ilishindana tamasha la filamu la Venice mwaka huo huo. Mendoza huyu alikuwa mbunifu wa seti na mtu wa matangazo ya biashara kabla hajaingia kuongoza filamu 2005, na miaka minne tu baadae akachukua tuzo ya muongozaji bora tamasha la Cannes kwa filamu nyengine ambayo siwashauri muitazame na watoto, wala na chakula. Thy Womb ipo Tawi-Tawi, visiwa vya mwisho kabisa kusini mwa Ufilipino, ukipita hapo unaingia Malaysia, na watu wake ni Waislamu, wavuvi, nyumba zimesimama juu ya nguzo baharini. Shaleha ni mkunga. Kazalisha kijiji kizima, yeye mwenyewe hakujaaliwa mtoto. Mumewe anataka mtoto, basi Shaleha anaamua kumtafutia mke wa pili kwa mkono wake, wanapanda mashua nyumba hadi nyumba, kisiwa hadi kisiwa, kuposa, na kila wanapofika wanatajiwa mahari hawaiwezi.

Nilitazama na bi mkubwa, yeye kakaa chini anasuka ukili wake, mie namsomea sabtaito za Kiingereza na kumgeuzia. Tukafika pahala Shaleha anasuka mkeka, kimya, hakuna muziki, hakuna maneno, mkono tu unakwenda, mimi nikataka kupeleka mbele kidogo, bi mkubwa akanambia "acha, nione anavyokunja". Basi tukaangalia mkeka. Na baada ya hapo akanikataza kabisa kumgeuzia maneno, kasema nampigia kelele, anaelewa kinachoendelea. Kwani nini asielewe? Posa anaijua, mahari anaijua, bahari anaijua, uke wenza ndo usiseme. Akawa ananieleza yeye, "huyo mzee anataka pesa zaidi, angalia jicho lake", na kweli sabtaito ikaja hivo hivo.

Kuna pahala harusi imepamba moto, watu wanacheza, zinalia risasi, watu wanatawanyika, halafu kikipoa kidogo harusi inaendelea. Hakuna anayekueleza nani kapiga wala kwa nini. Muvi ya Kimarekani ingekuwa ndo stori yenyewe hiyo, ingekuja helikopta. Hapa wanachukulia kama mvua ya vuli, yapita, na ukizingatia kule kusini vita baina ya serikali na makundi ya Waislamu vimedumu miaka na miaka unaelewa kwa nini. Na kuna potwe, yule papa mkubwa mpole wanaemfuata watalii Mafia, anapita chini ya mashua, jamani ile picha peke yake ina thamani ya 500.

Shaleha kaigizwa na Nora Aunor, kwao mkubwa kweli kweli, utotoni aliuza maji stesheni ya treni akaja akawa muimbaji na nyota wa nchi nzima, kafariki Aprili 2025 na alikwisha kupewa heshima ya Msanii wa Taifa. Humu hana mekapu, hana kilio cha kutikisa mabega. Mwishoni mwishoni linakuja sharti kutoka kwa upande wa bibi harusi, sisemi ni sharti gani, bi mkubwa aliweka ukili chini. Mpaka leo akimtaja Shaleha anamwita "yule maskini mwenzetu wa Tawi-Tawi".

Mwenzetu kweli lakini. Watu wa Paje na Jambiani wanajua, mbegu za mwani wa biashara tunaolima tangu 1989, spinosum na cottonii zote mbili, zilitoka Ufilipino, na hao hao wa Tawi-Tawi ni wakulima wakubwa wa mwani mpaka leo. Kwa hiyo msinambie muvi za mbali hizi hazituhusu.

Sasa malalamiko.

Nilichukua The Woman Who Left ya Lav Diaz. Huyu Lav Diaz ni mtu wa Mindanao, kule kule kusini, na ndo bingwa wa muvi ndefu duniani, ana ya saa nane iliyoshindanishwa Berlin 2016, ana nyengine inapita saa kumi, sikwambii utani. Hii ni fupi kwake, saa tatu na dakika arubaini na kitu, na ndo iliyochukua Simba wa Dhahabu Venice 2016, tuzo kubwa kuliko zote pale. Mwanamke kafungwa miaka thelathini kwa kosa ambalo hakulifanya, anatoka 1997, anamtafuta aliyemtia ndani. Ukisikia hivo unangoja bunduki, steringi anaingia mlangoni, lakini Horacia, ndo huyo mwanamke, anakaa usiku nje anaongea na muuza mayai ya bata, yale yenye kifaranga ndani ambayo kule ni chakula cha usiku mtaani (bi mkubwa: astaghfirullah), anamsaidia huyu, anamuuguza yule, na kisasi kinakwenda kinachacha taratibu. Kamera karibu muda wote haitikisiki. Lav Diaz kaandika mwenyewe, kaongoza mwenyewe, kapiga picha mwenyewe, kaunganisha mwenyewe. Na anaeigiza Horacia ni Charo Santos-Concio, ambae alikuwa bosi wa ABS-CBN, yani ile ile kampuni iliyotutengenezea tamthilia za tajiri na mfanyakazi wa ndani, kaacha ubosi kaja kukaa chini barabarani kwenye muvi isiyo na rangi. Mie hilo lilinifurahisha kuliko tuzo.

Tatizo, ikafika saa ya tatu ikakata. Giza. Nikafikiri tivii, nikajaribu kwenye laptopu, wapi. Nikarudi dukani kijana ananambia "dada hiyo ina patu tuu", yani sehemu ya pili. Patu tuu iko wapi? Hajui. Nikamkalia mpaka nikaelewa kilichotokea, na nawaeleza na nyinyi mjue: flashi nyingi zinazouzwa zimefomatiwa FAT32, na hiyo haikubali faili moja linalopita giga nne, muvi za saa nne zenye picha nzuri zinapita hapo, kwa hiyo yeye ili amalize biashara anazikata vipande viwili, halafu kipande kimoja kinasahaulika kwenye kompyuta, na akipata nafasi finyu anakifuta. Hakusema pole. Alinitilia muvi ya Kikorea kama fidia, mie sikuiomba.

Sabtaito pia balaa. Muvi hizi sabtaito zinakuja faili lake mbali, na tivii nyingi hazilisomi mpaka liwe na jina lile lile la muvi na likae folda moja. Kijana yeye ana tabia ya kubadilisha majina kila kitu kinakuwa FILIPINO MPYA 7, FILIPINO MPYA 8, muvi inabadilika jina na sabtaito inabaki na lake, unafika nyumbani watu wanaongea Kitagalog mpaka mwisho. Mwambieni asiguse majina. Na kuna mteja, alinihadithia mwenyewe kijana, alirudisha muvi ya Lav Diaz kwa hasira anasema imemuharibia rangi za tivii.

Na maelezo yake msiyategemee kabisa. Ma' Rosa aliniuzia kwa kuniambia "hiyo akshen kali, mapolisi na unga". Mapolisi wamo na unga umo, lakini ni mama mwenye kiduka cha mtaani, anauza biskuti na sabuni na chini ya meza anauza na yale mengine, anakamatwa na mumewe, polisi wanawatajia bei ya kuwaachia, na watoto wanazunguka usiku kucha kutafuta hizo pesa, mmoja anauza tivii, mmoja anakwenda kupiga magoti kwa jamaa. Akshen yake ni hiyo. Jaclyn Jose aliyecheza mama alichukua tuzo ya muigizaji bora wa kike Cannes 2016, Mfilipino wa kwanza kuipata, Mungu kamchukua 2024.

Mtanambia mbona zote umaskini na dhiki. Wenyewe wameshajisema, tena vizuri kuliko tutakavyowasema sisi: tafuteni Ang Babae sa Septic Tank ya 2011, vijana watatu wenye gari zuri na kahawa ya bei mbaya wanapanga kutengeneza muvi ya masikini wa jalalani ili wapate tuzo za Ulaya, na yule nyota wao Eugene Domingo anawafundisha aina za kuigiza, kuna ya lifti, ya kupanda na kushuka, kuna ya mtangazaji wa taarifa ya habari, nilicheka mpaka jirani akauliza. Ilishinda filamu bora kwenye Cinemalaya, tamasha lile lile linalotoa hizo muvi inazozicheka. Hiyo kijana anayo, kaiweka kwenye folda la vikatuni, msiniulize kwa nini.

Limbunan pia anayo, ya 2010, mwari wa Kiislamu wa Maguindanao kafungwa ndani mwezi mzima kabla ya ndoa aliyopangiwa, wanawake wa nyumba wanamzunguka. Ya taratibu mno lakini mtu wa Unguja hatapotea humo. Kidlat Tahimik, mzee wao aliyeanzisha njia hii ya kujitengenezea na filamu yake ya 1977, hana hata moja, nilipomtajia alifikiri namuagiza dawa.

La mwisho linanikera na halihusu duka peke yake. Cinemalaya ilipoanza 2005 pale Manila ilikuwa inawapa waliochaguliwa peso 500,000 kila mmoja, wakatengeneze muvi nzima, na kwa filamu hiyo si pesa, lakini kizazi kizima kimetokea hapo. Wanakopa, wanauza magari, halafu mie nainunua 500 Mlandege na hata senti haiwafikii. Hapa tuna ZIFF, tamasha letu la filamu Zanzibar, tangu 1998, Ngome Kongwe inajaa, vijana wenye kamera wapo, mwenye kuwapa chochote kabla hawajatengeneza ndo simuoni, na Majestic pale Vuga na Cine Afrique ya Malindi, majumba yetu ya sinema ya zamani, hazituoneshi tena muvi. Kwa hiyo simlaumu kijana sana, bila yeye ningezionea wapi? Ila ukiikuta kwa njia ya halali lipa huko, na wengine wanaziweka wenyewe bure, 2020 wakati wa korona walimwaga nyingi mtandaoni.

Kwa ufupi nampa tatu kwa tano. Beba hadidiski iliyofomatiwa exFAT au NTFS, hizo zinakubali faili kubwa, taja muvi kwa jina usimwachie achague, hesabu dakika hapo hapo kabla hujalipa, na muvi yoyote ya Lav Diaz muulize patu tuu kwanza. Anafungua baada ya Laasiri mpaka saa nne usiku, Ijumaa usijisumbue kabla ya magharibi.